Mchagueni Nahodha wa Siku ya Kufungwa

Vikao vya kufungua msimu huwa virefu Mbulu na Hanang. Hujadiliwa jezi, nauli, mchezaji wa kuazima kutoka Dongobesh, kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa ana nafasi, na nani atafyeka nyasi za uwanja. Suala la nahodha huachwa mwisho, wengine wameshasimama, wengine wameshawasha pikipiki. "Si abaki huyohuyo wa mwaka jana?" anauliza mmoja. Wenzake wanaitikia, kikao kinafungwa. Kisha inafika Jumapili ambayo timu iko nyuma mabao mawili, wachezaji wanalaumiana, mwamuzi amezingirwa, na mwenye kitambaa ndiye anayefoka kuliko wote. Uamuzi wa dakika moja unaigharimu timu msimu mzima.

Nawaandikia makocha, walimu wa michezo na viongozi wa timu wa Nambis na kata za jirani, wawe wa soka, wa netiboli au wa kambi ya riadha. Nawaandikia pia wanaoota timu ya kulipwa, kwa maana ndoto hiyo haiko mbali tena: Fountain Gate walipoufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa pale Babati kuwa nyumbani kwao, Ligi Kuu ilitua mkoani Manyara, na kijana wa huku aliona kwa macho yake kwamba mpira ni ajira. Mifano yangu mingi nitaitoa kwenye mpira wa magongo. Mchezo huo hauna mizizi katika milima yetu, lakini ni miongoni mwa michezo iliyomwandikia nahodha majukumu yake waziwazi, na sisi tunaocheza michezo mingine tuna la kujifunza hapo.

Neno langu ni moja, na mengine yote yanalitumikia: nahodha achaguliwe kwa kuitazama siku ya kufungwa. Siku ya ushindi timu hujiongoza. Hata mvivu huwahi kwenye gari, na hakuna anayemtafuta mchawi. Siku ya kufungwa ndiyo inayodai mtu.

Anza na kazi, jina litafuata

Kosa la kwanza hufanyika pale majina yanapotajwa kabla ya kazi kuandikwa. Chukua karatasi, andika nahodha wa timu yako atafanya nini hasa, halafu ndipo uulize nani anaiweza.

Kwenye magongo ya uwanjani, sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo, FIH, ziko wazi. Kila timu lazima iwe na nahodha mmoja, avae kitambaa au alama ya kumtambulisha, na awajibike kwa mwenendo wa wachezaji wake wote. Anawajibika pia kuhakikisha mabadiliko ya wachezaji yanafanyika kwa utaratibu. Akizembea majukumu hayo, adhabu inamwangukia yeye binafsi. Kwa hiyo beki akimtukana mwamuzi na nahodha akageuza uso, nahodha naye anaweza kuonyeshwa kadi. Ya kijani humweka mchezaji nje dakika mbili, ya njano dakika tano au zaidi, na nyekundu humwondoa kabisa. Nahodha akitolewa, timu inalazimika kumtaja mwingine wa kushika nafasi yake. Mchezo haukubali kundi lisilo na msemaji hata kwa dakika hizo chache.

Magongo ya barafuni, mchezo ambao Wakanada wanauenzi kuliko wote, yana utaratibu wake. Wazee wa Hanang wanawakumbuka Wakanada wa mashamba ya ngano ya Bassotu. Walituachia mbegu na matrekta, magongo walirudi nayo kwao. Katika ligi yao ya NHL, inayochezwa Kanada na Marekani, nahodha hushonewa herufi C kifuani na wasaidizi wake herufi A, na ni hao tu wanaoruhusiwa kumuuliza mwamuzi kuhusu tafsiri ya sheria. Kipa haruhusiwi kabisa kushika kazi hiyo uwanjani. Mwaka 2008 Vancouver Canucks walimteua kipa wao Roberto Luongo kuwa nahodha vilevile. Akachorewa herufi C kwenye kinyago chake, lakini kwenda kwa mwamuzi wakawa wanakwenda wengine. Mwaka 2010 aliuachia unahodha. Alikuwa kipa hodari na kiongozi anayeheshimiwa, ila cheo kilikuwa kwake na kazi ikawa kwa wenzake.

Soka nayo inaelekea huko. Sheria zinasema nahodha hana upendeleo wowote, ila ana sehemu ya wajibu kwa tabia ya timu yake. Kwenye fainali za Ulaya za 2024 kule Ujerumani, waamuzi walitumia utaratibu wa kuzungumza na nahodha peke yake. Mchezaji mwingine akija kulalamika anaonyeshwa kadi. Kama nahodha ni kipa, timu humtaja mapema mchezaji wa ndani atakayezungumza kwa niaba yake. Kocha wa Nambis ambaye nahodha wake ni kipa afanye hivyohivyo tangu sasa, asisubiri kulazimishwa.

Kwa timu zetu, orodha ya kazi inaweza kuwa fupi: kuzungumza na mwamuzi kwa adabu, kupeleka maneno ya wachezaji kwa uongozi na kurudisha majibu, kuwashika wenzake mambo yanapoharibika, kumpokea mchezaji mgeni, na kuwahi mazoezini. Ukishaiandika, utashangaa jinsi majina yanavyopungua.

Mabao 18

Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 tunaikumbuka kwa medali mbili za fedha: ya Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Wachache wanakumbuka kwamba Tanzania ilipeleka pia timu ya wanaume ya mpira wa magongo. Timu kubwa kama Pakistan na Ujerumani Magharibi hazikwenda kwa sababu nchi zao ziliisusia michezo hiyo, Kenya nayo haikwenda, na nafasi zikabaki wazi. Mchezo wa kwanza ulikuwa dhidi ya India, waliokuja kutwaa dhahabu. India walishinda 18 kwa 0.

Hebu fikiria jioni ya siku hiyo kijijini kwa wanamichezo. Mashindano hayajaisha, kuna mechi nyingine nne za kundi mbele. Kipa hataki kula. Mabeki hawatazamani. Kuna anayesema bora angebaki Dar es Salaam. Kocha amezungumza na sasa amekwenda kulala, na kilichobaki ni wachezaji wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo nahodha anapofanya kazi aliyochaguliwa. Hana uwezo wa kufuta mabao 18, ila anaweza kuamua kama kesho timu itaingia uwanjani ikiwa timu au ikiwa wachezaji 11 waliovaa jezi za rangi moja.

Vijana wale waliingia. Walipoteza mechi zote na kumaliza nafasi ya sita kati ya timu sita, lakini baada ya kipigo cha India waliifunga Poland bao moja na wenyeji, Umoja wa Kisovieti, mabao mawili. Atakayecheka mabao matatu hajawahi kufungwa 18 akatakiwa kurudi uwanjani.

Unapotafuta nahodha, jiulize swali la jioni ile: katika kikosi chako, nani angekwenda kukaa karibu na kipa?

Sifa zinazodanganya

Ya kwanza ni kipaji. Mfungaji bora hupewa kitambaa kama zawadi, na mara nyingi zawadi hiyo inamharibia mchezo. Mshambuliaji anaishi kwa uchoyo mdogo wa kutaka kufunga. Ukimtwika kuwaza wenzake kumi, unaweza kupoteza mfungaji na nahodha kwa pamoja. Kipaji hakimzuii mtu kuwa nahodha, ila hakimfanyi awe. Kenya ilipokuwa taifa kubwa la magongo, nahodha wake kwa takribani miaka kumi alikuwa Avtar Singh Sohal wa Nairobi, naye alikuwa beki. Alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, tatu za mwisho akiwa nahodha, na mwaka 1971 aliiongoza Kenya kumaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona. Beki anauona uwanja wote mbele yake, na kila bao wanalofungwa anaanza kuulizwa yeye. Amezoea lawama kabla hajavaa kitambaa.

Ya pili ni uvumilivu, na hapa watu wa Mbulu tunapaswa kuwa waangalifu kwa sababu ndiyo fahari yetu. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea mpaka akamaliza wa mwisho kati ya waliofika, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakuna shule ya wilaya hii isiyosimulia habari zake. Lakini moyo wa kumaliza mbio zako mwenyewe ni kitu kimoja, na uwezo wa kuwafanya wengine kumi wamalize ni kingine. Wapo wavumilivu wakimya ambao maumivu yao hayamfundishi mwenzao chochote, kwa kuwa hawasemi. Mheshimu mchezaji wa namna hiyo, mpe namba, ila kitambaa mpe anayeweza kumwinua aliyeanguka.

Ya tatu ni sauti kubwa. Anayepiga kelele mazoezini huonekana kiongozi. Sikiliza anasema nini. Kama kila neno lake ni "wewe vipi?", huyo anajitetea kabla hajashtakiwa. Kiongozi husema kinachofuata: "Rudi nyuma, mimi namchukua huyu." Atazamwe pia kama wenzake wanafanya anachosema. Mzee anayeongoza slufay kwenye mkutano wa Wairaqw hutamka, na waliokaa humwitikia. Bila ya kuitikiwa, anazungumza peke yake. Nahodha ni hivyo. Kipimo chake kipo kwa wanaoitikia.

Ya nne ni undugu na fedha. Mpwa wa mwenyekiti, mtoto wa mfadhili, kijana wa mwenye duka aliyenunua mipira. Inawezekana kweli anafaa. Lakini akifaa, karatasi za wachezaji zitalionyesha hilo, kama nitakavyoeleza. Asipofaa, kila kosa lake litakuwa kosa la aliyemweka, na fitna itahamia kwenye kamati.

Mtazame wapi

Usimtazame akiwa anashinda. Mtazame kwenye mambo madogo yanayokera.

Mtazame siku aliyoanzia benchi. Mchezaji asiyepangwa ana njia nyingi za kuonyesha hasira: anavua viatu mapema, anakaa mbali, anacheka timu inapokosea. Anayefaa huuma meno, kisha dakika ya sitini unamsikia akimwita winga aje kunywa maji na kumwambia beki wa kule amechoka upande wa kushoto.

Mtazame safarini. Mmefungwa Magugu, mnarudi Mbulu kwa njia ya Magara, usiku, mvua, na Noah imekwama mlimani. Wengine wanashika simu. Mmoja anashuka kutafuta jiwe la kuzuia tairi. Huyo ni mtu mwema, mshukuru. Lakini msikilize na yule anayehesabu: "Dogo yuko wapi? Ana koti? Nani hajala tangu mchana?" Kisha anamsogelea kocha na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wawili hawa nyumbani kwao ni mbali, tukifika walale kwangu." Hakuna aliyemtuma. Jina lake liandike.

Mtazame na mwamuzi. Umpe kazi hiyo kwenye mchezo wa kirafiki kabla ya kuamua lolote. Anayefaa husogea peke yake, mikono nyuma, anangoja mpira utoke. "Samahani mwamuzi, naomba kufahamu, ile faulo ilikuwa ya nani?" Akijibiwa, anashukuru na kurudi kuwaambia wenzake, hata kama jibu halikumridhisha. Asiyefaa huanza kupiga kelele akiwa mita ishirini, akiwa na wenzake wanne nyuma yake.

Mtazame na mahudhurio. Huku kwetu mazoezi hushindana na jembe. Msimu wa kuvuna vitunguu swaumu au maharage ukifika, nusu ya kikosi haionekani, na asubuhi za Juni na Julai baridi na ukungu humshawishi kila mtu abaki kitandani. Nahodha anayefaa anajua nani amekosa kwa sababu ya shamba la mama yake na nani amekosa kwa uvivu, na hawachanganyi. Kocha anayepata taarifa hizo kwa wakati hamwadhibu kijana aliyekuwa akivuna chakula cha familia.

Na mwisho mtazame na mgeni. Mchezaji mpya akifika, nani anamwambia tunakutana saa ngapi, nani anampasia mpira mazoezini? Mwenye moyo wa kupokea wageni utamwona siku ya kwanza.

Lugha ya uwanjani

Kuna jambo moja la Mbulu na Hanang ambalo vitabu vya ukocha havilisemi. Kikosi cha huku kinaweza kuwa na Wairaqw wengi, Wabarabaig wawili, Mnyaturu mmoja na mwalimu wa shule kutoka Mbeya. Dakika za joto, watu hurudia lugha ya mama. Mabeki wanaelekezana kwa Kiiraqw, na winga wa Kibarabaig aliye mbele yao hajui kama ameambiwa arudi au aende. Anafika mpinzani, bao linaingia, na lawama inamwangukia yule ambaye hakuambiwa kitu kwa lugha anayoielewa.

Nahodha ndiye mlinzi wa jambo hili. Amri za uwanjani ziwe za Kiswahili, chache, na zijulikane na wote: "toka", "rudi", "geuka", "peke yako". Utani wa kwenye gari uwe kwa lugha yoyote inayomfurahisha mtu. Usichague nahodha kwa kugawana makabila, mwaka huu huyu na mwaka ujao yule. Njia hiyo huwafundisha wachezaji kujihesabu kwa koo zao. Chagua ambaye mchezaji wa kundi dogo kuliko yote anaweza kumfuata na kumwambia linalomsumbua. Ukitaka kujua ni nani, mwulize huyo mchezaji mwenyewe.

Namna ya kumpata

Zipo njia mbili zilizozoeleka, na zote zina kasoro. Kocha akiteua peke yake, anapata mtu wa kocha. Wachezaji wakipiga kura ya mikono, wanapata mtu wa kundi kubwa au mtu wa kuchekesha. Nashauri zichanganywe.

Baada ya wiki tatu au nne za mazoezi, wape wachezaji vipande vya karatasi. Usiwaulize nani awe nahodha. Waulize maswali mawili: "Kocha asipokuwepo na tumefungwa mabao mawili, ungependa nani atuzungumzie?" na "Ukiwa na shida nyumbani, ungemwambia nani kwenye timu hii?" Kila mmoja aandike jina moja kwa kila swali, lisiwe lake. Asiyependa kuandika akunong'oneze. Karatasi zisomwe na wewe na msaidizi wako tu, kisha zichanwe.

Jina linalojitokeza kwenye maswali yote mawili lina uzito mkubwa. La swali la kwanza pekee linaweza kuwa la mtu wa maneno. La swali la pili pekee linaweza kuwa la mtu mpole asiyethubutu kumkabili mwamuzi. Uamuzi wa mwisho ni wako, kwa maana wewe ndiye utakayeulizwa.

Kabla ya kutangaza, zungumza na watu wawili. Kwanza mteule mwenyewe: mweleze kazi uliyoandika, mpe siku moja afikirie, na umruhusu akatae bila aibu. Ukubwa ni jaa, na si kila mtu anataka takataka za wengine zitupwe kwake. Pili, yule aliyetegemea kupewa na hakupewa. Mwambie ana kwa ana kabla hajasikia kwa mwingine. Tangazo lenyewe lifanyike mbele ya timu nzima, kwa mdomo, kamwe lisifanyike kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa timu za netiboli na soka za wasichana, ongeza swali la tatu: nani wazazi wanamwamini? Mara nyingi ruhusa ya binti kusafiri kwenda Katesh au Haydom hupatikana kwa sababu nahodha alikwenda nyumbani, akasalimia, akaeleza saa ya kurudi na akaitimiza.

Wasaidizi na umri

Methali inaonya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli kama wote wanashika usukani. Wasaidizi wa kwenye magongo ya barafuni hawashindani na mwenye C; kila mmoja ana eneo lake. Fanya hivyo: mmoja mzoefu wa kuwatazama vijana, mmoja kijana anayejua yanayosemwa na rika lake. Nahodha akiumia au akitolewa, kila mtu ajue tayari kitambaa kinakwenda kwa nani. Nimeona timu zikigombania kitambaa mbele ya mashabiki mpira ukiwa umesimama. Wapinzani hufurahi sana.

Juu ya umri, usiogope kijana. Detroit Red Wings walimpa Steve Yzerman unahodha mwaka 1986 akiwa na miaka 21, akaushika hadi alipostaafu mwaka 2006. Sidney Crosby alikuwa na miaka 19 Pittsburgh Penguins walipomteua mwaka 2007. Miaka miwili baadaye alinyanyua kombe la Stanley. Lakini kwa mila zetu, kijana kumwamrisha mtu aliyemzidi umri kunahitaji njia. Mkubwa wa timu ndiye amvishe kitambaa mbele ya wote na kusema anamuunga mkono. Baada ya hapo kijana aendelee kumwita "kaka" na kumsalimia kwanza. Ndani ya uwanja amwite kwa jina na amwambie arudi.

Mshahara ukichelewa

Hapa ndipo timu ya kulipwa inapotofautiana na ya ndondo. Kwenye timu ya kulipwa siku mbaya si ya kufungwa tu; ni tarehe 5 ya mwezi na simu hazijalia. Nahodha anabanwa kotekote. Wachezaji wanamtaka atangaze mgomo, viongozi wanamwita pembeni na kumwambia, "Wewe tutakumalizia kwanza, watulize wenzako."

Akiipokea hela hiyo, amekwisha. Itajulikana tu, na kuanzia hapo hata akisema ukweli hakuna atakayemsikiliza. Akiongoza mgomo bila kuzungumza, amekwisha vilevile, kwa upande wa pili. Kazi yake ni kwenda kwa uongozi akiwa na msaidizi mmoja, kuuliza tarehe, kuomba jibu kwa maandishi, na kulisoma kwa wenzake lilivyo bila kuliongezea chumvi wala kulipunguza. Tarehe ikipita, arudi tena, mkataba ukiwa mkononi.

Viongozi nao wana wajibu. Kama unahodha una posho, iandikwe kwenye mkataba na ijulikane na wote. Msimtumie nahodha kuwapelelezea wenzake. Mkimfanya mpelelezi, mmenunua taarifa za mwezi mmoja kwa bei ya msimu mzima.

Kumvua kitambaa

Mtu hubadilika, na timu hubadilika. Januari 2016 Mbwana Samatta alirudi kutoka Abuja na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, akampa unahodha uliokuwa wa Nadir Haroub "Cannavaro", na Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa. Kwa matokeo, uamuzi wa kumpa Samatta ulilipa: ndiye aliyeiongoza Tanzania kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 2019 kule Misri, zetu za kwanza tangu 1980. Lakini kila kocha anayekabidhi kitambaa kwa mtu mpya anapaswa kukumbuka kwamba yuko na mtu wa zamani, mwenye heshima yake na wanaompenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nani apewe ni uamuzi mmoja. Namna ya kumuaga anayeondoka ni uamuzi wa pili, nao unahitaji muda wake.

Kwa hiyo weka muhula tangu mwanzo: unahodha ni wa msimu mmoja, na mwisho wa msimu unapitiwa upya kwa karatasi zilezile. Hapo kubadilisha hakumaanishi kumfukuza mtu. Katikati ya msimu mvue kwa sababu nzito tu: amepigana, amekula fedha za timu, amekacha safari bila taarifa. Kufungwa mechi tatu mfululizo si sababu. Ukimvua kwa kufungwa, umewafundisha wengine kwamba kitambaa ni cha siku nzuri.

Wiki ya kwanza

Ukishamteua, usimwache aelee. Mpe nakala ya sheria za mchezo wenu na mkae nayo saa moja, hasa sehemu za nahodha, mwamuzi na mabadiliko ya wachezaji. Mtambulishe kwa viongozi wa chama cha wilaya ili wamjue kwa sura. Kubalianeni siku moja ya wiki ya kuzungumza ninyi wawili, hata kama hakuna tatizo, kwa kuwa mazungumzo yanayosubiri tatizo huanza kwa ugomvi. Mwambie pia mambo ambayo hataruhusiwa kuyaficha: mchezaji aliyeumia akijikaza, mchezaji anayenyanyaswa, na mtu yeyote anayewafuata wachezaji na fedha kabla ya mechi.

Kisha tafuta mechi ya kirafiki mtakayofungwa. Nendeni mkacheze na timu iliyo juu yenu kwa daraja mbili, ugenini. Kipindi cha mapumziko, kocha, kaa pembeni dakika tano za kwanza na umwache nahodha azungumze. Usipopenda unachokisikia, una muda wa kubadilisha kabla ya ligi kuanza.